Wimbo Kutoka Stoo ya Viti

Hosteli ya Wasichana,
Nyanchwa, Kisii.
3 Februari 2025

Kwa Nyanya Mong'ina,

Bwakire, nyanya. Mimi ni mzima, ninakula vizuri, na kabla hujauliza, ndiyo, kanisani ninaenda. Barua hii anakuletea Duncan wa duka pamoja na sabuni yako, kwa sababu jambo lenyewe si la simu. Simu yako unaiweka sauti ya juu hadi wachuma chai wa ng'ambo ya mto wanajua nimepata alama gani.

Nyanya, kozi yetu inataka kufa. Unajua nasomea Taaluma za Afrika, ile ambayo Baba huwaambia watu wa Nakuru kwamba ni "kama ualimu." Chuo kinasema tuko wachache na tunayosoma yanaweza kufundishwa popote, kwa hiyo kuanzia mwaka ujao tutiwe ndani ya idara ya utalii na hoteli. Yaani nimalize digrii yangu nikijua kukunja vitambaa vya meza. Chama chetu cha wanafunzi, ambacho mimi ni katibu wake, kimekataa. Mwenyekiti aliiandikia kamati ya chuo, na kamati imekubali kuja kutusikiliza Alhamisi ya tarehe 13 Machi. Wanataka tuwaonyeshe jambo moja ambalo idara nyingine haiwezi kulifundisha.

Mwenyekiti akasema tutafute mpiga obokano, maana siku hizi ile zeze kubwa ya nyuzi nane watu wanaiona kwenye picha tu. Mimi nikasema tukimpata, aimbe pamoja naye mtu anayejua nyimbo za kupalilia wimbi. Mwenyekiti alifurahi sana. Mwenyekiti wetu ni mtu wa kusikiliza, si kama wenyeviti wengine.

Nakuomba uje uimbe, nyanya. Hakuna mwingine ninayemjua.

Mjukuu wako,
Kemuma

*

Nyamira,
9 Februari 2025

Kwa mke mwenzangu Kemuma,

Barua nimeipata na sabuni nimeipata, ingawa sabuni si ile niliyosema. Unaniandikia Kiswahili na mimi nakujibu kwa Kiswahili, kwa sababu Ekegusii nimezoea kukisema, kukiandika kunaniuma vidole.

Nitakuja. Wimbi siku hizi linapaliliwa kwa redio, lakini koo langu bado lipo. Jana nilijaribu wimbo mmoja katikati ya ndizi, ng'ombe akaacha kula akanitazama mpaka nikamaliza. Sijui kama alipenda. Waambie hao wa kamati kwamba nitawaimbia, na mtu wa kumkunjisha vitambaa mjukuu wangu hajazaliwa.

Ila barua yako imemtaja mwenyekiti kuliko ilivyomtaja Mungu. Ana jina huyo, au alizaliwa akiitwa Mwenyekiti?

Nikuchekeshe kidogo. Juzi mama mmoja ametoka Kenyenya hadi hapa kwangu, eti anatafuta ndizi za kununua. Kenyenya, ambako ndizi wanalisha ng'ombe. Alikaa, akanywa chai vikombe vitatu, akauliza babu yako alikuwa mtu wa namna gani, akauliza kama kwetu kuna watu wenye kifafa au wezi, akauliza wewe unarudi nyumbani lini. Kisha akaenda bila ndizi hata moja. Mimi nilimjibu yote na kumsindikiza mpaka barabarani.

Nyanya yako,
Mong'ina

*

Nyanchwa,
14 Februari 2025

Nyanya mpendwa,

Asante, asante, asante. Nimeisoma barua yako mbele ya chama kizima na wamepiga makofi, isipokuwa pale pa mwenyekiti, ambapo niliruka.

Jina lake ni Nyakundi. Ni jina la kawaida tu, sijui kwa nini unauliza. Na sasa sikia habari njema: baba yake mwenyewe, Mzee Angwenyi wa Kenyenya, ndiye mpiga obokano, na amekubali kuja. Kwa hiyo tumeshachapisha ratiba na mkuu wa idara yetu, Daktari Maureen, ameipeleka kwa kamati. Imeandikwa hivi: "Obokano na Sauti: Mzee Angwenyi na Bi. Mong'ina, ana kwa ana." Nitaweka viti viwili mbele ya ukumbi, mtazamane, magoti karibu yagusane, ili kamati ione mnavyojibizana. Hilo la magoti ni wazo langu.

Huyo mama wa ndizi akirudi mwambie asipoteze nauli. Watu wengine wana muda wa kuchezea.

Wako mwenye furaha,
Kemuma

*

Nyamira,
18 Februari 2025

Kwa Kemuma,

Goti limekataa. Sitaweza kuja huko kwenu. Tafuteni mwimbaji mwingine, wako wengi.

Salamu kwa walimu wako.

Mong'ina

*

Nyanchwa,
20 Februari 2025

Nyanya,

Goti gani? Duncan anasema alikukuta Jumatatu ukipandisha mlima na mkungu wa ndizi kichwani, unamwimbia kila unayempita. Barua yako ina mistari michache kuliko risiti, na hukuniita mke mwenzako. Nimekukosea nini?

Nimewaza usiku na mchana. Kama ni Sabato, sisi tumechagua Alhamisi. Kama ni kanisa halipendi nyimbo za zamani, hilo nimelishughulikia: nimemwandikia Mzee Sylvanus, mzee wa kanisa, nikimweleza kwa heshima kwamba kupalilia si dhambi na kwamba akuruhusu.

Halafu shida haziji peke yake. Mzee Angwenyi naye ametuma neno kwamba nyuzi za obokano zimekatika. Zote nane, nyanya, katika usiku mmoja. Nyakundi alikuwa nyumbani Jumapili na anasema alizigusa kwa mkono wake, zilikuwa nzima kabisa.

Ninaogopa. Ratiba iko kwa kamati na majina yenu wawili yako juu yake. Wakija wakute viti vitupu, watasema hata hicho kimoja tulichoahidi hatuna, na kozi itafungwa mikononi mwetu. Wa mwaka wa kwanza wameanza kuuliza fomu za kuhama. Mimi sitaki kusoma kitu kingine. Niambie ukweli tafadhali.

Kemuma

*

CHAMA CHA WANAFUNZI WA TAALUMA ZA AFRIKA
22 Februari 2025

Kwa Bi. Mong'ina,
Nyamira.

Mheshimiwa Bibi,

KUH: OMBI LA KUFIKIRIA UPYA UAMUZI WAKO

Rejelea barua yako kwa katibu wetu ya tarehe 18 mwezi huu. Kwa niaba ya chama, nina heshima kukuomba uufikirie upya uamuzi wako. Chama kiko tayari kukutafutia gari hadi mlangoni, dawa ya goti, na kiti chenye mto.

Aidha, ningependa kufika nyumbani kwako mimi mwenyewe Jumapili ijayo ili tukae, tule pamoja na tuzungumze ana kwa ana. Nimesikia kwa katibu kwamba mboga ya chinsaga unayopika haina mfano.

Wako mtiifu,
Nyakundi Angwenyi
Mwenyekiti
(Muhuri wa Chama)

*

Nyamira,
26 Februari 2025

Kwa mke mwenzangu Kemuma,

Sasa mmenifikisha mwisho. Nimeletewa barua mbili kwa wiki moja na sijui nianze kulia na ipi.

Ya kwanza ni ile uliyomwandikia Mzee Sylvanus. Amekuja nayo mwenyewe, amevaa tai, amenipa ruhusa ambayo sikuomba. Ameomba pamoja nami juu ya goti ambalo halina kitu. Nilifumba macho muda wote nisimtazame usoni.

Ya pili ina muhuri. Kemuma, mkwe gani anamwandikia mama mkwe wake barua yenye muhuri? Anataka aje kwangu, akae kiti kimoja nami, ale chinsaga akinitazama mdomo. Nilipomaliza kusoma nilijifunika leso, nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Haya, nikufunze ambacho chuo chako hakijakufunza. Yule mama wa Kenyenya hakutaka ndizi. Ni esigani, mshenga, anayetumwa kuuliza habari za mji kabla watu hawajaleta maneno. Alitumwa na Angwenyi, alinidokeza tulipokuwa tukiagana. Kijana wako alimwambia baba yake kwamba amempata msichana, baba akafanya linalopaswa, na kijana hakukuambia, kwa sababu naona wote wawili mnadhani mmejificha. Nilipouliza jina la mwenyekiti nilitaka tu kusikia utalitamkaje. Ukaniandikia eti ni jina la kawaida tu.

Kumsindikiza esigani ni kukubali, kwa hiyo tangu siku nilipomfikisha yule mama barabarani, Angwenyi na mimi ni wakwe. Wakwe wana ensoni, mwiko wa heshima. Hawakai wakitazamana, hawali pamoja, hawaimbiani, na magoti, Kemuma, magoti yao hayagusani. Utasema mimi ni nyanya, na nyanya hana ensoni na mtu. Ni kweli, ndiyo maana nakutania. Lakini mama yako alikuacha kwangu hujaota meno akaenda kazini Nakuru. Nani alikulea? Nikikutania mimi ni nyanya, nikikuoza mimi ni mama. Angwenyi anajua hivyo, na nyuzi zake zimekatika kama goti langu lilivyovunjika. Namheshimu kwa hilo. Ni mtu mzima.

Sikukuambia kwa sababu jambo kama hili msichana ndiye anayelileta kwa nyanya yake, si nyanya anayelichimba. Nilikuwa nangoja. Baba yako mfiche, yeye ndiye wa kufichwa. Mimi ulinificha kwa nini? Mficha uchi hazai.

Wa kwako,
Mong'ina

*

Nyanchwa,
1 Machi 2025

Nyanya wangu,

Nimesoma barua yako nimekaa chini ya ngazi za hosteli ili mtu asinione. Nimeona aibu, kisha nikafurahi, kisha nikaona aibu tena. Nilikuficha kwa sababu nilidhani utasema nimeletwa huku kusoma. Ndiyo, nampenda. Ananisikiliza, anapika vibaya, na anajua kila kijiji cha Kenyenya kimepataje jina lake. Nilipomuuliza kuhusu esigani aligeuka rangi. Barua ile ya muhuri sasa anaiota usiku, anakuomba radhi, ila hajui akuombe radhi kwa njia gani bila kukuandikia tena.

Miaka mitatu nasomea mila, nyanya. Nina karatasi ya mtihani kuhusu ukoo na ndoa, nilipata alama nzuri. Na nimewapangia wakwe viti viwili magoti yakigusana.

Sasa nisaidie kufikiri. Harusi ya Mama ilipofanyika, wewe ndiye uliyeimba, watu wanasimulia hadi leo. Wakwe walikuwepo. Waliwezaje kukusikia?

Kemuma

*

Nyamira,
4 Machi 2025

Kwa mke mwenzangu,

Walinisikia kwa sababu masikio hayana ensoni, macho ndiyo yenye ensoni. Wao walikuwa nyumba kubwa, mimi nilikuwa jikoni na mlango umerudishwa. Niliimba mpaka sufuria zikaitikia.

Nimejua unakoelekea kabla hujafika. Kama ukumbi wenu una chumba chenye mlango, nitakuja. Mwambie kijana amwambie baba yake nyuzi zinaweza kupona. Nipite mlango wa nyuma, yeye apite wa mbele, na asiulize kama nimefika.

Lakini nina sharti. Mtu atauliza kwa nini mwanamke mzima amefungiwa ndani. Usiseme mimi ni mgonjwa, wala usiseme nina haya mbele za watu. Usimpe huyo mtu mhadhara wa kitabuni, kwamba jamii fulani zamani walifanya hivi na hivi. Atakayeuliza umwambie ukweli, mimi ni nani na Angwenyi ni nani na kwa nini leo. Ukweli huo una jina lako ndani. Kabla jua halijatua ukweli huo utakuwa umefika Nyamira, na kesho yake Nakuru kwa baba yako. Kama huwezi kuutamka, niambie sasa nibaki na ng'ombe wangu.

Mong'ina

*

Nyanchwa,
6 Machi 2025

Njoo, nyanya. Kuna stoo ya viti kando ya jukwaa, nimeifagia mwenyewe. Kama nitaweza kutamka sijui. Njoo tu.

Kemuma

*

Nyanchwa,
16 Machi 2025

Nyanya mpendwa,

Ulirudishwa nyumbani kwa haraka kabla hatujakaa, na ulikuwa ndani ya stoo muda wote, kwa hiyo nikusimulie ulichosikia bila kukiona.

Kamati walikuwa watu watano, mwenyekiti wao ni mama mmoja wa Mombasa mwenye miwani ya kamba. Waliingia na nyuso za watu waliokwisha kuamua. Mzee Angwenyi alikaa kwenye kiti chake, akakigeuza kidogo, mgongo kwa mlango wako, akajaribu nyuzi. Zote nane nzima. Akaanza kupiga. Kisha sauti yako ikatoka. Nyanya, wote walitazama juu, wakatazama spika, wakatazamana. Mzee Angwenyi aliinamisha kichwa na kukujibu kwa nyuzi, kila mstari, hakukosea hata mahali pamoja.

Ubeti wa kwanza ulipoisha, yule mama akainua mkono. Akasema ni vizuri sana, lakini ratiba inasema ana kwa ana, na yeye anaona mtu mmoja. Akauliza kama ile sauti ni ya kurekodiwa, kwa maana kanda ya kuchezesha hata idara ya utalii wanayo. Daktari Maureen alinitazama. Nyakundi alinitazama. Nilisimama. Nilikuwa na maneno ya kitabuni tayari, mazuri kabisa, kuhusu miiko ya ukwe katika jamii za Wabantu. Yalikuwa yamefika ulimini. Sijui nilikaa kimya muda gani, ila niliona mmoja wao ameanza kufunga faili lake.

Nikasema, "Aliye nyuma ya mlango ni nyanya yangu Mong'ina, aliyenilea kama mama. Huyu ni Mzee Angwenyi, baba yake Nyakundi, mwenyekiti wetu. Hawawezi kutazamana wakiimba kwa sababu ni wakwe. Ni wakwe kwa sababu mimi na Nyakundi tunataka kuoana, na baba yangu bado hajaambiwa."

Nyakundi aliangusha chupa ya maji. Mzee Angwenyi alifunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo sijui alikuwa akicheka au la. Na kabla mtu yeyote hajasema neno, wewe ukaanza ubeti wa pili, kwa nguvu kuliko wa kwanza. Naona ulifurahi sana kusikia nimetamka.

Ulipomaliza yule mama akavua miwani. Akauliza hili tunalifundisha katika mwaka gani wa masomo. Daktari Maureen akasema ukweli, kwamba halimo, tumelijua mwezi huu baada ya kulikosea. Mama akasema basi liingizwe, na Septemba atatuma mtu kuona kama limeingia. Nyanya, huwezi kuingiza somo Septemba katika kozi iliyofungwa. Ilibidi Nyakundi anifinye ndipo nikaelewa. Kozi yetu imebaki, peke yake, kwa jina lake. Wa mwaka wa kwanza walimbeba mwenyekiti wetu juu, wakamgonga kwenye feni.

Baba alipiga simu Ijumaa asubuhi. Ulisema kesho yake na ikawa kesho yake. Aliuliza kama huyo kijana angalau ni Msabato. Nikasema ni Mkatoliki. Akasema tutaongea Pasaka.

Asante kwa kila kitu, nyanya.

Kemuma

*

Nyamira,
19 Machi 2025

Kwa mke mwenzangu Kemuma,

Baba yako mwachie mimi. Mkatoliki naye ana mama, na wimbi lake linapaliliwa kama letu. Nimeshamwambia Mzee Sylvanus ajiandae kuomba juu ya jambo lingine, na safari hii aje bila tai.

Esigani alikuja tena jana. Safari hii alisema wazi alikotoka na aliyemtuma, akaondoka na mikungu miwili ya ndizi ambayo nilimlazimisha. Watu wa Angwenyi watakuja baada ya Pasaka. Kijana mwambie siku hiyo asiandike chochote.

Ila jambo moja umelielewa vibaya, na mimi sipendi kusifiwa kwa nisilolifanya. Umesema niliimba ubeti wa pili kwa furaha. Yule mama alipouliza kama mimi ni kanda, nilingoja. Nikangoja. Kwenye kile kimya nilikusikia unavyopumua, na nilijua unataka kudanganya kidogo, kwa maneno mazuri, halafu wakufungie kozi yako hivyo hivyo. Nikasema moyoni, mtoto wangu hatabaki amesimama peke yake mbele ya watu wazima watano. Nikavua viatu ili nisisikike. Nikashika komeo. Nilikuwa nimeshalivuta nusu, Kemuma, nitoke nije nisimame mbele ya mkwe wangu, mchana kweupe, bila hata leso kichwani, na ensoni iende inakotaka.

Ndipo nikasikia jina langu mdomoni mwako. Nikalirudisha komeo, nikaegemea mlango, nikaimba.

Nyanya yako na mama yako,
Mong'ina